Natengeneza vichekesho vya sauti kwa ajili ya kipindi cha asubuhi redioni, wanavirusha ila jina langu halitajwi. Wazoefu njooni mnishauri

kijana_wa_mikanjuni

Wakuu habari za saa hizi. Mimi nipo Tanga mjini huku Mikanjuni, nina kibanda changu cha kuchaji simu na kuwawekea watu nyimbo kwenye memori kadi, kwahiyo redio kwangu inawaka toka nafungua mpaka nafunga. Kuna redio moja ya hapa hapa mkoani, jina naliacha maana sitaki ugomvi na watu ninaowapenda, ina kipindi cha asubuhi wanatangaza dada mmoja na kaka mmoja, aisee wale watu wanajua, vijiwe vya kahawa huku Ngamiani asubuhi ni wao tu. Sasa mimi kwa ushabiki nikaanza kuwatengenezea vichekesho vya sauti vifupi vifupi, nawatumia kwenye ile namba ya WhatsApp ya kipindi, wakapiga kimoja, wakapiga kingine, sahv vinaenda hewani karibu kila wiki na wenyewe wanacheka mpaka wanashindwa kupitia vichwa vya magazeti.

Mhusika wangu anaitwa Mzee Tindo, ni mtuma salamu. Nyie mliokuwepo enzi za kadi za salamu mnamjua mtu wa aina hiyo, akipata laini hakati mpaka vocha iishe. Sauti zote nafanya mimi. Kimoja kinaenda hivi:

MTANGAZAJI: Haloo, uko hewani, nani mwenzetu?
MZEE TINDO: Mzee Tindo wa Mikanjuni, karibu na mashine ya kusaga. Namsalimia fundi baiskeli wa barabara ya tisa, namsalimia muuza kahawa, namsalimia yule ninayemdai, anajijua...
SAUTI YA MKE (kwa mbali): Na mimi?
MZEE TINDO: ...namsalimia mganga aliyening'oa jino, namsalimia konda wa Pongwe aliyenirudishia chenji yangu...
MKE (karibu zaidi): Na mimi je?
MZEE TINDO: Mtangazaji, punguza redio yako, kuna sauti inaingia.
(Sufuria linaanguka)
MTANGAZAJI: Mzee vipi tena huko?
MZEE TINDO: Ni mke wangu amekasirika sijamsalimia.

Watu wamekipokea, stendi nasikia makonda wanaambiana "punguza redio yako kuna sauti inaingia". Raha yake siwezi kuielezea. Ila kuna mambo yananitatiza. Kwanza sauti yangu ikienda hewani inakuwa ya debe debe wakati ya kwao inatoka nene na safi. La pili hawataji aliyetengeneza ni nani, mwishoni naweka jina langu kabisa lakini wanakata. Na juzi nimesikia Mzee Tindo kapigwa halafu papo hapo linafuata "kipindi kinaletwa kwenu na" mdhamini fulani, roho ikaniuma kidogo. Nifanyeje bila kuharibu uhusiano? Na hela je, mtu anaomba au anasubiri aitwe?

fundi_mawimbi

Mkuu hongera, umeandika kitu kinachosikika na si wengi wanaweza. Hilo debe nitakueleza linatokea wapi maana mitambo ya redio ndiyo kazi yangu.

Naamini unarekodi humo humo WhatsApp kwa kushikilia kile kimaiki. Ile inabana sauti sana ili ipite kwa bando dogo, kwa maongezi inatosha, kwa redio haitoshi. Halafu kabla sauti haijafika kwenye transmita kuna mtambo mwingine unaisawazisha, vikubwa inavishusha vidogo inavipandisha, sasa kama nyuma yako kuna feni, au jirani anakuna nazi, hewani feni inakuja kukaa mbele pamoja na wewe. Watangazaji wako studio iliyofungwa na maiki iko karibu na mdomo ndiyo maana wao wanatoka safi.

Rekodi kwa programu ya kurekodi ya kawaida ya simu, chagua WAV (faili la sauti lisilobanwa), kilohezi 44.1 inatosha kabisa kwasababu FM yenyewe huko juu inaishia kilohezi 15 hivi. Ukimaliza kuhariri toa MP3 ya kbps 192 au zaidi, na kwenye WhatsApp usiitume kama audio, ambatanisha kama dokumenti, inafika kama ilivyotoka kwako. Sehemu ya kurekodia fungua kabati la nguo uingize kichwa na simu humo, au jifunike blanketi, joto la Tanga nalijua lakini vumilia. Simu usiiweke mbele ya mdomo moja kwa moja, iweke pembeni kidogo umbali wa kiganja, vinginevyo kila P na B inapuliza. Mvua ikianza kwenye bati acha kabisa siku hiyo.

Kama unapata kompyuta hata ya kuazima weka Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure. Kabla hujaanza kuongea nyamaza sekunde chache huku unarekodi, halafu hicho kipande cha kimya ndio unakichagua kuifundisha programu kelele za chumba chako zikoje, ikishajua inazitoa sehemu zote. Usizidishe lakini, ukizidisha sauti inaanza kupiga miluzi na kukatika.

Kitu kingine watu hawakijui: usihangaike na sauti ya kushoto na ya kulia. Msikilizaji wako ana redio ya spika moja, au simu ya kitochi, mke ukimweka kulia anaweza kupotea nusu. Umbali wake ufanye kwa kusogea mbali na simu kweli kweli wakati wa kurekodi. Na vishindo vizito kama mlango au radi kwenye spika ndogo havisikiki, sufuria uliloweka ni chaguo zuri sana, linapenya.

mzawa_barabara_ya_9

Mimi nimekisikia hicho cha salamu kijiweni, tulikuwa watu kama kumi tukanyamaza wote. Kwahiyo nakwambia kama msikilizaji. Sufuria likishaanguka ZIMA. Hayo maneno ya mwisho sijui mke wangu amekasirika, tulishajua, tulicheka kwenye sufuria halafu wewe ukaendelea kuongea juu ya kicheko chetu na kutuelezea tulichochekea. Umetunyima utamu.

Na pale baada ya "na mimi je" ya pili mpe mzee nafasi afikiri, usimkimbize. Ndio najua redioni kimya kinaogopesha, fundi anaweza kudhani faili limekatika akaingiza wimbo, weka hata kijiko kinakoroga chai taratibu, kijiko kinakoroga... kinasimama... ndio anasema kuna sauti inaingia. Wallahi watu watakufa.

bibi_wa_chumbageni

Mwanangu hujambo. Mimi nimezeeka na redio, nilikuwa nawasikiliza Pwagu na Pwaguzi Redio Tanzania Dar es Salaam, tukimaliza kula tunakusanyika kwa jirani mwenye redio hakuna anayekohoa. Wale walikuwa wawili tu na sauti zao, ukisikia mmoja anavuta pumzi unajua anataka kumdanganya mwenzake. Halafu 1993 ikaja Twende na Wakati, Mkwaju yule dereva wa lori, watu walikuwa wanamgombeza Mkwaju kama shemeji yao, sura yake hawajapata kuiona. Nakueleza haya ujue kuwa unalolifanya ni kazi ya watu wazima, usilione la kitoto.

Sasa nikuambie linalonikera. Hiyo sauti ya mke unaifanya wewe mwanaume, unaibana pua. Mara ya kwanza inachekesha, baadaye inachosha, na sisi wanawake tunajisikia tunaigizwa kwa dhihaka. Tafuta mwanamke wa kweli, dada yako, jirani, aseme kwa sauti yake ya kawaida kabisa, "na mimi?", tena kwa upole, asipige kelele. Ule upole ndio utamtisha Mzee Tindo. Na mpe jina. Mke hana jina hadi leo, mganga wa jino anasalimiwa.

Utani wa makabila utumie kwa adabu. Wahehe na Wangoni walipigana vita karne ya 19 wakaja kuwa watani, wanatukanana msibani na hakuna anayenuna, kwasababu pande zote mbili wanajuana na wanajibizana. Redioni msikilizaji hawezi kukujibu. Kwahiyo usije ukamchukua Mdigo au Msambaa ukamfanya mjinga kwa lafudhi yake tu, lafudhi iwe nguo ya mhusika, kichekesho kitoke kwenye tabia yake. Mzee Tindo anachekesha kwasababu anapenda kusalimia kila mtu. Hiyo ni tabia.

prodyuza_wa_mikoani

Niliwahi kuwa prodyuza wa kipindi cha asubuhi, mkoa mwingine sio Tanga, kwahiyo nikusaidie upande wa jina na hela.

Jina lako wanalikata mwishoni sio kwa ubaya. Fundi wa studio anajua kicheko kimeisha na taarifa ya habari inamsubiri, anaingiza jingo, kile kiwimbo kifupi cha redio, basi. Kitu cha mwishoni redioni hakina usalama. Ila wewe una bahati ambayo wengine hawana, mhusika wako ni MTUMA SALAMU! Jiingize kwenye orodha. "Namsalimia fundi baiskeli, namsalimia kijana wa Mikanjuni anayenirekodi hapa na simu yake ya kioo kilichopasuka, namsalimia muuza kahawa..." Katikati hapo nani atakukata? Akikata anaharibu kichekesho chake mwenyewe. Kila klipu salamu yako iwe tofauti kidogo, wasikilizaji wataanza kuisubiri, na siku wakimuuliza mtangazaji huyu kijana wa Mikanjuni ni nani atalazimika kukutaja.

Kisheria kazi ni yako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda toka ulipoirekodi, hata kama hujaenda kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ila kusajili kunasaidia kwenye ushahidi. Tunza faili za mwanzo, zile WAV zenye tarehe, usifute eti simu imejaa. Na usiweke wimbo wa msanii nyuma ya klipu, piga hata filimbi mwenyewe.

Suala la mdhamini litenganishe na kipindi. Kupigwa ndani ya kipindi ni jambo moja, kubandikwa kwenye tangazo linaloingiza fedha ni jambo lingine. Usiongee na mtangazaji, yeye mara nyingi hana uamuzi na unamweka pabaya bure, muone prodyuza au meneja wa vipindi, nenda na karatasi moja tu iliyoandikwa kistaarabu: naruhusu kipindi kirushe vichekesho vyangu kwa kutaja jina, vikitumika kwenye tangazo au udhamini tuzungumze kwanza malipo. Wakubali wasaini, ubaki na nakala. Vituo vingi vya mikoani havina fungu la vichekesho, nakwambia ukweli, lakini mdhamini akimtaka Mzee Tindo ataje bidhaa yake hapo hela ipo na unatakiwa uipate.

Tahadhari za haraka: usiigize sauti ya kiongozi akisema jambo ambalo mtu anaweza kuliamini, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina mzaha na taarifa za uongo, na mwenye leseni ya redio ataulizwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hatapiga klipu zako tena. Kumpigia mtu simu ya utani ukamrusha hewani bila ridhaa yake pia acha, toka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na hizi programu za kunakili sauti za watu usimwekee mtangazaji maneno mdomoni hata kama unamtania tu.

dullah_mtu_wa_pwani

Mi napingana kidogo, akianza makaratasi na hawa watu watamuona msumbufu na mlango utafungwa. Jenga jina kwanza dogo, hela zitakuja zenyewe, wangapi wameanzia bure

prodyuza_wa_mikoani

Dullah nakuheshimu lakini nimekaa upande ule wa meza. Anayekuja na karatasi ya kistaarabu tulimuona mtu makini, tulikuwa tunamtafuta mtu wa kutuletea kitu cha uhakika kila wiki. Kinachochosha ni mtu anayenung'unika kwenye grupu la wasikilizaji. Na "zitakuja zenyewe" nimewaona wengi wakiisubiri mpaka wakaacha, vipaji vikubwa kabisa, inaniuma mpaka leo.

kijana_wa_mikanjuni

Wakuu sina la kusema, nimesoma yote nimerudia tena. Bibi shikamoo, umenigusa hapo kwa mke, kuanzia leo anaitwa Bi Mwanahamisi na nimeshaongea na dada mmoja anauza maandazi jirani na kibanda, ana sauti ya upole mpaka unaogopa kweli, kakubali. Tumejaribu jana usiku ndani ya kabati, fundi hilo joto ulilolisema nimelipata, ila sauti imetoka safi sijawahi kujisikia hivi. Sufuria ndio mwisho, nimezima hapo hapo. Na salamu yangu nimeichomeka kati ya muuza kahawa na ninayemdai.

Barua nimeandika nusu ukurasa. Swali la mwisho, nimpelekee meneja siku gani? Na hii klipu mpya niitume pamoja na barua au niitume kwanza?

prodyuza_wa_mikoani

Tuma klipu kwanza, na usitume asubuhi kipindi kikiwa hewani, namba ile inakuwa imejaa meseji haitaonekana. Tuma mchana baada ya kipindi, hapo ndio wanapanga cha kesho. Ikipigwa, siku hiyo hiyo kuanzia saa tano hivi nenda na barua yako, watakuwa bado wanaizungumzia. Mchukue na dada wa maandazi, naye jina lake liwemo kwenye karatasi.

mzawa_barabara_ya_9

Utuambie siku gani basi tuwahi kijiweni

kijana_wa_mikanjuni

Natuma leo mchana kaka. Kesho fungulieni mapema.