Mjadala: Usiku wa sanaa kila mwezi Mji Mkongwe Bagamoyo, tuukubali kwa sharti gani?

Wazee wangu shikamooni, na nyie wenzangu habari za leo.

Naomba tulizungumze hili kwa kituo, maana barazani limeshaanza kugeuka ugomvi. Kuna kijana wetu wa hapa hapa kata ya Dunda karudi kutoka Marekani na wazo. Anataka kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kuanzia magharibi, Mtaa wa India ufungwe magari, wachoraji na wachongaji waache milango wazi, na muziki upigwe mpaka usiku. Kiingilio hakuna. Jambo hili kaliona Philadelphia, ambako majumba ya sanaa ya mtaa wa Old City yanafanya hivyo tangu 1991. Ijumaa ya kwanza hawafungi mapema, watu wanaingia nyumba hii wanatokea ile, wanatazama, wanaongea na aliyechora, anayetaka kununua ananunua. Wazee wawili watatu wamesema hawataki hata kulisikia. Vijana wanajibu kwamba wazee wanataka mji uzeeke pamoja nao. Wauza chakula wanauliza kama watafukuzwa.

Mimi naunga mkono. Ila Ijumaa siikubali, na jukwaa la muziki silikubali. Nieleze, kisha mnipinge.

Mimi nachora. Kibanda changu kina mwaka wa 12 Mji Mkongwe. Natumia rangi ya mafuta juu ya amerikani ninayoiwamba mwenyewe kwenye fremu. Wageni wetu mnajua wanavyokuja: basi linaingia asubuhi, wanapelekwa Kaole kwenye magofu, wanapelekwa Misheni waone ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla haujavushwa Unguja, wanakula, na kwetu wanafika saa nane jua linachoma na dereva anataka kurudi Dar kabla ya foleni. Siku moja aliingia mama wa makamo na kijana anayemtembeza. Akasimama mbele ya picha ya mashua zinazoingia na maji ya alasiri, picha iliyonichukua siku nne. Akaniuliza lile tanga hushonwa na nani, na kwa nini mashua moja nimeichora imeinama kuliko nyingine. Nikaanza kumweleza. Honi ikalia. Nikasema elfu 40. Kijana akanikonyeza, maana yake asisahauliwe cha juu chake. Honi ikalia tena. Nikaachia kwa 25, kijana akachukua 10, nikabaki na elfu 15 ambayo elfu 8 ni rangi na kitambaa.

Yule mama hakuwa bakhili, na yule kijana naye ana watoto. Kilichokosekana pale ni muda. Mteja akikaa hununua, na akishajua tanga linashonwa na nani, bei haimsumbui. Sasa jioni, joto likishapungua na mtu ana nafasi ya kukaa, sisi tumeshafunga. Vibanda vingi havina umeme, saa kumi na mbili na nusu giza limeingia na kila mtu kakunja vitu vyake. Chuo cha Sanaa tunacho tangu 1981, siku hizi kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake linaujaza mji siku chache kila mwaka, tunalishukuru. Likiisha, vijana waliofundishwa zeze, marimba na ngoma wanapanda daladala za Makumbusho kwenda kutafuta riziki Dar. Mji unaofundisha muziki, na jioni ya kawaida huusikii muziki huo.

Sasa siku. Philadelphia Ijumaa ni mwisho wa wiki ya kazi. Kwetu Ijumaa ni Ijumaa. Kuna darsa baada ya magharibi, kuna hitima, kuna watu wana nyuradi zao. Hata tukipiga marimba kwa staha kiasi gani, tutakuwa tumemlazimisha mtu achague kati ya jirani yake na ibada yake, na huko sitaki tufike.

Tena mji huu tangu zamani unakwenda na mwezi wa angani. Muulizeni mvuvi yeyote wa dagaa pale soko la samaki: usiku wake wa kazi ni giza. Taa ikiwashwa baharini gizani, dagaa wanaifuata. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, kwa hiyo watu wa dagaa wanapumzika, wanashona nyavu, wako nyumbani na wake zao. Usiku wa tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu mtaa unaonekana bila taa, watoto wanacheza nje, kuta nyeupe zinang'aa, unaona nakshi za mlango mpaka maua yake. Ni bamvua pia, maji yanajaa alasiri na ikifika saa nne usiku yametoka, pwani yote wazi. Naomba usiku wetu uwe Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu. Vibanda vifunguliwe kuanzia alasiri, visimame kwa ajili ya magharibi na isha, muziki uanze baada ya isha, na saa nne juu ya alama tumemaliza. Wanaofunga siku zile tatu watakuwa wameshafuturu. Ramadhani yote hatufanyi.

Wazee waliosema hiki ni kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya kukesha na maspika, kilichovaa shati jipya siwalaumu hata kidogo. Mwanangu wa pili aliwahi kushikwa na homa kali, na usiku huo huo kigodoro kikapigwa mtaa wa nyuma. Besi inatikisa bati. Kila mtoto akisinzia anashtuka, mama yake kamkumbatia na kitambaa cha maji kichwani. Saa nane nilitoka nikaenda kuwaomba wapunguze, nikajibiwa kwamba wana kibali. Nikarudi nikakaa kitandani mpaka adhana ya alfajiri. Mtu aliyewahi kukaa usiku ule haambiwi neno muziki akafurahi.

Lakini wazee wangu, nyie ndio mashahidi kwamba Bagamoyo inajua kupokea watu usiku bila kumuumiza mtu. Tangu enzi za Sheikh Ramiya, aliyefariki 1931, watu wa tarika ya Qadiriyya wanatoka mbali kuja hapa kwa ajili ya zikri, na kinachosikika ni pumzi na vifua vya watu. Ibada siilinganishi na marimba, Mwenyezi Mungu aniepushe. Nasema kwamba adabu ya mkusanyiko wa usiku tunayo tayari.

Ndiyo maana sitaki jukwaa wala spika. Mtaa wa India ni mwembamba na kuta zake ni mawe ya matumbawe. Mtu akipiga marimba barazani, sauti inakwenda mpaka kama nyumba ya nne, halafu inakufa. Hapo inapokufa ndipo akae mwingine na zeze lake. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha chuoni kwetu na kuzunguka dunia na zeze na ilimba, marimba ya Kigogo, mpaka alipofariki 2003, alikuwa na ala ambazo mtu anazisikiliza kwa kusogea. Mkisogea kusikiliza mko mlangoni kwa mchoraji. Mimi hiyo ndiyo picha niliyonayo kichwani: muziki unamsogeza mtu kwenye mlango, mlango unamwonyesha kazi.

Vijana mnataka msanii mkubwa wa Bongo Fleva au singeli, mnasema bila hivyo watu hawaji. Singeli ina mahali pake, na ukumbi wa TaSUBa upo. Lakini tazameni Oakland, hukohuko Marekani. Walianza 2006, majumba machache ya sanaa yanafungua jioni. Watu wakaongezeka, barabara ikajaa maelfu, wengi hawakujua hata kama kuna picha ndani. Februari 2013 kijana wa miaka 18 alipigwa risasi akafa barabarani usiku wa shughuli hiyo, na waandaaji wakalazimika kuipunguza. Sisi hatuna bunduki mitaani, namshukuru Mungu. Ila tukiita umati kwanza, tutakaa nyuma ya umati huo na picha zetu mikononi, na wa kwanza kuumia atakuwa mtoto wa mtu wa mtaa huu.

*

Narudi baada ya michango yenu, ahsanteni. Nimejibu niliyoweza.

Dada anayekaanga mihogo karibu na Karavansarai, ile nyumba ya zamani ya misafara, kasema neno ambalo limenikaa: "Kila wakisema mji unapendezeshwa, cha kwanza kuondolewa ni karai langu." Dada yangu, hili naliweka liwe sharti la kwanza kabla hata la siku. Anayeuza sasa hivi abaki palepale alipo, usiku huo asitozwe zaidi ya ushuru wake wa kila siku, na wauza chakula wa kutoka nje wasiletwe kumsukuma pembeni. Mimi mwenyewe jioni nikiwa nafunga naifuata harufu ya mafuta yako na ile pilipili ya ndimu. Mgeni ataifuata hivyo hivyo.

Kaka mmoja kauliza kuhusu kodi za vyumba, na hapa nakiri sina jibu lililokamilika. Dar walikuwa na Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii. Mchoraji na mchongaji George Lilanga, ambaye leo kazi zake zinatafutwa Ulaya, alianzia pale akiwa mlinzi. Pale ni katikati ya mji, ardhi ya thamani. Jengo lile leo halipo. Na Phoenix, huko Marekani, wasanii waliingia Roosevelt Row wakati nyumba zimechoka na hakuna anayezitaka. Jioni zao za kila mwezi zikaupa mtaa jina, yakaja maghorofa ya kupangisha, wengi wao wakashindwa kodi. Mtaa wetu nao una magofu mengi na warithi wengi. Ninachopendekeza: kabla ya usiku wa kwanza, mwenye chumba na msanii waandikiane mkataba wa miaka mitatu, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kodi isiguswe. Familia yenye nyumba inayobomoka impe mchoraji chumba, yeye alipe kwa chokaa na fundi, na watu wa idara ya Mambo ya Kale waangalie, maana nyumba hizi zina sheria yake tangu 1964 na hakuna ruhusa ya kugongelea misumari kwenye matumbawe kutundika mabango. Mwenye wazo bora kuliko hili alilete, nalihitaji kweli.

Cha juu. Watembezaji wawili wamekasirika wakidhani nawatukana. Hapana ndugu zangu. Bei iandikwe nyuma ya kila picha, na asilimia ya aliyemleta mteja iandikwe pia, ijulikane, alipwe mbele ya wote. Konyezo life. Na katika kila kitu kitakachouzwa usiku huo, sehemu ya kumi iingie kwenye kapu la wapiga muziki, wagawane palepale kabla hawajaondoka. Nimeona vijana wa ngoma wakicheza mbele ya wageni jasho linachuruzika, wakapewa soda na nauli. Sitaki kulaza kichwa nikijua mtaa wetu umefanya hivyo.

Kuhusu watu wa Dar kuchanganyikiwa na tarehe za mwezi: Idi na Maulidi haziendi na kalenda ya ukutani, na hatujaona mtu aliyekosa. Tutabandika Jumamosi za mwaka mzima. Masika, Aprili na Mei, tusimame, barabara zenyewe mnazijua. Vibali vya halmashauri na vya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, vinafuatwa, hilo si la kubishana. Choo ni tatizo la kweli, aliyelitaja kasema haki. Watu mia tatu mtaani na hakuna choo cha umma kilicho wazi usiku ni balaa kwa kuta za majirani. Nimeongea na nyumba tatu, mbili zimekubali kwa malipo ya shilingi 300.

Mzee aliyelileta neno kigodoro, nimekuja kukusalimu jana ukiwa msikitini, nikamwachia ujumbe mjukuu wako. Mwezi ukitimia 14 nitafungua kibanda changu baada ya isha, na jirani yangu mchongaji atafungua chake. Barabara hatufungi, tangazo hatutoi. Kijana mmoja wa marimba atakaa barazani kwangu mpaka saa nne, na dada wa mihogo kasema atakuwepo. Nyumba yako ni ya tano kutoka kwangu. Ukishaswali na kula, kaa ndani, funga dirisha kama unavyofunga siku zote, halafu utuambie kama unaisikia.