JLPT N3 (mtihani wa lugha ya Kijapani, daraja la kati): nina alama 112, kufaulu zinatakiwa 95, na bado NIMEFELI. Soma ujue kwa nini

Wakuu salaam. Leo mnivumilie, tangu matokeo yatoke sijapoa.

Mimi ni muongoza watalii hapa Arusha. Wajapani nawapeleka Ngorongoro na Serengeti, huu mwaka wa saba. Bosi akasema lete cheti cha N3 tukupandishe mshahara. Nikajiandikisha Nairobi, kwa mtu wa Arusha ni karibu kuliko Dar. Nauli, gesti siku mbili, ada ya mtihani, na safari moja ya wageni niliyoiachia mwenzangu. Hesabu hiyo nimalizieni wenyewe.

Kwa wasioujua, huu mtihani hauna kuongea wala kuandika insha. Unasoma, unasikiliza, unasiliba vijiduara kwa penseli ya HB. (Mimi ninayebishana na wazee wa Osaka kuhusu simba na chui siku nzima, hakuna aliyeniuliza hata neno moja.) N3 ina sehemu tatu, kila moja alama 60. Jumla ukipata 95 umefaulu, ILA sehemu yoyote ikishuka chini ya 19 umeanguka, hata zile nyingine uwe umezipasua.

Yangu haya hapa: msamiati na sarufi 49, kusoma 45, kusikiliza 18.

KUMI NA NANE!

Sasa huko kusikiliza kulikuwaje. Mtihani wa Desemba ni Jumapili ya kwanza ya mwezi, kila mwaka, wala si siri. Waandaaji wakatuweka kwenye chumba kilichopakana na kanisa. Asubuhi kwenye msamiati tulisikia mapambio kwa mbali, tukavumilia, macho yanafanya kazi. Ikafika zamu ya dakika 40 za kusikiliza. Kispika kimoja mezani mbele, mimi safu ya nyuma upande wa dirisha, na dirisha lenyewe vioo viwili havipo. Ndipo jirani wakafungulia kinanda na ngoma.

Mimi mwenyewe ni Mlutheri, sina ugomvi na ibada. Wao wako kwao na Jumapili ni yao. Aliyeleta mtihani pale ndiye ninayemtafuta.

Maswali ya mwanzo nilibahatisha kwa kusoma majibu kwenye karatasi. Lakini waliofanya N3 wanajua ile sehemu ya mwisho, sokuji outou. Karatasi haina kitu. Mtu anasema sentensi moja, zinafuata namba tatu za majibu, unachagua, inasonga. Hairudiwi. Mimi nilisikia "ichi" (moja), halafu haleluya, halafu "san" (tatu). Namba mbili ilisemwa nini mpaka leo sijui. Nikasiliba namba mbili karibu kote, potelea mbali.

Nilinyoosha mkono. Msimamizi akaja kwa kunyata, akaninong'oneza, "Kaka, endelea tu, sauti haisimamishwi." Akaenda kufunga dirisha lisilo na vioo. Nimemuona kwa macho yangu akilifunga!

Na hawa ndio waliotukusanyia simu asubuhi kwenye bahasha, wakatuonya ikilia tu ni kadi nyekundu kama mpirani, unatoka. Yaani simu yangu ingelia sekunde tatu ningefukuzwa, kinanda dakika arobaini ni "endelea tu".

Matokeo yalipotoka mwishoni mwa Januari niliwaandikia barua pepe. Jibu likaja na mistari miwili: matokeo hayapitiwi upya, karibu tena Desemba. Kama vile Desemba ni kesho kutwa. Bosi naye ameniangalia ile karatasi akacheka, "112 halafu umefeli? Hiyo hesabu ya wapi?" Nikaanza kumueleza habari ya 19, nikaona aibu, nikanyamaza.

Na msije hapa na "ungekaa mbele". Viti vimebandikwa namba, unakaa ulipopangiwa.

Ninachotaka: waliokuwa chumba kile waje PM tuandike barua moja ya pamoja kabla usajili haujafunguliwa tena, watafute ukumbi mwingine au watupe hedifoni. Hasa yule dada wa sweta ya njano aliyekuwa mbele yangu. Ulipotoka nje ulikuwa unalia, nilikuona. Ulipata ngapi kwenye kusikiliza?