Re: Ramani ya mizigo – Moshi imehamia Hispania!

Kutoka: Mjukuu wa Kiboriloni, Reading
Jumamosi, 15 Machi 2008

Wadau, salaam. Wakubwa shikamooni.

Ukurasa wa umoja wetu umeanza kufunguka. Lengo ni lile tulilokubaliana: anayekwenda nyumbani na mabegi ya watu aone kwenye ramani mzigo upi unaachwa wapi akishashuka uwanja wa ndege wa KIA, badala ya kupigiwa simu na ukoo mzima. Nimeongeza wijeti chache, yaani vijiprogramu vya kubandika kwenye ukurasa: saa ya nyumbani na za huku, viwango vya fedha, picha za Flickr, na kidude cha kuchati.

Nimekwama mahali pawili. Vituo vyote vya kuachia mizigo nilivyovitoa Google Earth vimeangukia kusini mwa Hispania, karibu na Granada. Halafu saa ya Minneapolis iko nyuma kwa saa nzima tangu Jumapili iliyopita. Mwenye ujuzi anisaidie.

---

Kutoka: Fundi wa Sakina, Arusha
Jumamosi, 15 Machi 2008

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi.

Hispania ni rahisi. Moshi ipo kama -3.35 kwa latitudo na 37.33 kwa longitudo. Faili la KML, lile Google Earth inalohifadhia vituo, linatanguliza longitudo, lakini ramani ya Google ukiiandikia kwa JavaScript, lugha ya programu za kurasa za wavuti, inataka latitudo kwanza. Ukinakili ilivyo, unakuwa umeomba nyuzi 37 kaskazini na 3 magharibi, na huko ndiko Granada. Geuza namba, basi. Ila ile alama ya kutoa usiidondoshe, maana bila hiyo Moshi itakuwa jangwani kaskazini ya Kenya, pande za North Horr, na mizigo itabidi ipandishwe ngamia.

Usiitegemee ramani itafute anwani yenyewe. Paul Rademacher, mwaka 2005, alichukua matangazo ya nyumba ya Craigslist, tovuti ya matangazo madogomadogo, akayapanga juu ya ramani ya Google, hata kabla kampuni haijafungua mlango rasmi kwa watu wa nje mwezi Juni. Iliwezekana kwa sababu matangazo yale yalikuwa na majina ya mitaa. Sisi anwani yetu ni S.L.P., na S.L.P. inaishia posta. Kila kituo ukitafute kwa macho kwenye picha ya setilaiti, kisha ukiandike kwa mkono. Kazi ya kuchosha, lakini vituo vyetu si vingi. Wakenya walioanzisha Ushahidi Januari hii, tovuti ya kukusanya taarifa za vurugu za baada ya uchaguzi, nao wanapanga taarifa za watu juu ya ramani ya Google, na zile za SMS lazima mtu azisome kwanza ndipo ijulikane ni wapi. (Mmoja wao, Ory Okolloh, alizungumza hapa Arusha Juni mwaka jana kwenye mkutano wa TEDGlobal. Mji wetu una mchango wake!)

Saa: wijeti yako inahesabu kwa tofauti iliyoandikwa moja kwa moja. Marekani tangu mwaka jana wanasogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, kwa hiyo Minneapolis na Moshi sasa zinatofautiana kwa saa 8, si 9. Ninyi wa Uingereza mtasogeza tarehe 30, na tofauti ya saa 3 itakuwa 2. Tafuta wijeti inayouliza jina la eneo, kama Africa/Dar_es_Salaam, ijirekebishe yenyewe. Huku hatusogezi chochote.

Sasa lisiloulizwa. Nimeufungua ukurasa wako kwenye kafe ya intaneti hapa mjini. Nimesubiri mpaka jirani yangu amemaliza barua zake akaondoka. Intaneti yetu inapanda kwenye setilaiti, kama kilomita 36,000 juu, ikashuka ndipo ikutane na seva yenu. Swali na jibu tu ni zaidi ya nusu sekunde hata kama ujumbe ni neno moja. Wewe umeweka wijeti kadhaa, na kila moja inakwenda kwenye seva ya mwenyewe. Mbaya zaidi, ile ya kuchati umeiweka juu kabisa kwa skripti, yaani maagizo ya programu yanayotoka kwenye seva ya mwenyewe, na brauza haiendelei kuchora ukurasa mpaka seva ile ijibu. Ishushe chini, au iondoe. Vituo viandike pia kwa maneno ya kawaida kabla ya ramani, ili ramani ikigoma mtu asome.

---

Kutoka: Mama wa Soweto, Moshi
Jumapili, 16 Machi 2008

Wanangu, hamjambo? Mimi ya skripti siyajui, nina mawili.

Hicho kibao cha dola na pauni kinaleta ugomvi. Baba yenu mkubwa amekitazama, amekwenda kuchukua hela mliyotuma, amepewa pungufu, akarudi anauliza nani kakata. Hakuna aliyekata. Kibao kinaonyesha bei ya katikati ya soko, na anayelipa hela ana bei yake na ada yake juu. Kiondoeni. Anayetuma aandike kwenye meseji shilingi zitakazopokelewa, yaishe.

La pili, nyumba yangu imewekewa alama mpaka juu ya bati, na pembeni jina la mwanangu na kwamba yuko Marekani. Mnamwelekeza nani? Na hapohapo mnatangaza mizigo inafika lini! Wekeni alama kwenye lango la hospitali ya KCMC, soko la Kiboriloni, mnara wa saa. Mwenye mzigo atapigiwa, atatembea.

---

Kutoka: Mangi wa Minneapolis
Jumapili, 16 Machi 2008

Shikamoo mama. Hilo la nyumba lifanyike leo.

Naongeza kidogo. Skripti ya mtu mwingine ukiipesti kwenye ukurasa inapata nguvu zote za ukurasa: inasoma vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye brauza yako), inaweza kubadilisha namba ya simu uliyoandika. Tukianza kuweka pale namba za akaunti za michango ya msiba, sitaki skripti ya mgeni humo. Kama lazima, iwekwe ndani ya fremu yake, brauza iizuie huko. Na ukihamisha ukurasa kwenda anwani nyingine, omba ufunguo mpya wa ramani, yaani msimbo wa kibali tunaopewa na Google. Wa sasa umefungwa kwenye anwani hiyohiyo.

Kuchati tunako hapahapa kwenye listi yetu ya barua pepe, tena tunapiga kelele kutosha.

---

Kutoka: Mjukuu wa Kiboriloni, Reading
Jumapili, 16 Machi 2008

Shikamoo mama, asante kaka zangu.

Chati na kibao cha fedha vimeondoka. Picha nimezihamishia ukurasa wa pili, atakayetaka atabonyeza. Vituo vimebaki vinne: mnara wa saa na KCMC kwa Moshi, soko la Kiboriloni, na kwa Arusha mnara wa saa pia, mpaka Fundi apendekeze pengine penye maegesho. Majina yametoka.

Anayeondoka kabla ya Pasaka aseme mapema, nina dawa za bibi za kupeleka Kiboriloni, hazizidi kilo moja.