Nyota za shanga na waya: shanga zinacheza, waya unachoma, nifanyeje?

MamaTanga
Wakuu habari za jioni. Nina oda ya nyota za Krismasi za kuning'iniza, za shanga na waya, mteja ana duka la zawadi anataka nyekundu na nyeupe saizi ya kiganja. Natumia ule waya mweusi wa kufungia nondo maana ndio unapatikana kila hadwea hapa Tanga. Sasa shida, kwanza nyota hazifanani, moja imenona nyingine imekonda, pili shanga za ndani zinacheza yaani ukiitikisa inalia kabisa, tatu mwisho wa waya unachoma mkono. Mwenye ujuzi anielekeze taratibu, na waya mzuri dukani niuulizie kwa jina gani? Na msiniambie nikauze batiki 😀

FundiMota
Mama huo waya wa nondo achana nao kabisa. Haujapakwa zinki, na hapo Tanga na upepo wa bahari utashika kutu kabla Krismasi haijafika, shanga nyeupe zote zitageuka rangi ya chai. Omba waya wa galvanaizi (uliopakwa zinki), wa fremu uwe mm 0.8, wa kujazia ndani uwe mm 0.3. Duka linalouza kwa geji (namba ya unene wa waya) jua kwamba namba ikipanda waya unakuwa mwembamba, kwa geji za Kimarekani (AWG) 20 ndio hiyo 0.8 na 28 ndio 0.3.

Ila huo mwembamba mimi nakushauri uchukue waya wa kopa (shaba), nenda kwa fundi yeyote anayesuka mota za umeme, vipande vinavyobaki anakuuzia kwa bei ya maelewano, na vina vanishi juu kwa hiyo havipotezi rangi haraka. Tahadhari moja, kopa ukiikunja na kuikunjua sehemu ileile inakuwa ngumu halafu inakatika, kwa hiyo kunja mara moja iwe imetoka.

njeri_wa_shanga
Sasa mama. Ya kufanana ni rahisi, tafuta kipande cha mbao upige misumari. Chora duara la upana wa sm 10, gawanya mara tano (digrii 72 kila moja), hizo ndio ncha, halafu ndani chora duara lingine la karibu sm 4, alama zake ziingie katikati ya zile za nje. Misumari 10 kwa jumla, ukate vichwa ndio nyota itoke bila kung'ang'ana. Unazungusha waya kwa misumari na kila nyota inatoka sawa na ya kwanza. Kila upande unakuja sm 3.6, so nyota nzima ni sm 36, kata 40 upate ya kufungia.

Na hizo shanga unanunua za aina gani? Zile ndogo za mm 2 hazitakubali waya wa fremu, tundu lao ni dogo. Kwa fremu weka za mm 3, ndogo ziende ndani.

MamaTanga
Asante dada njeri. Zangu zimechanganyika kwenye pakiti moja, ndogo kwa kubwa. Na je ndani nikitumia mshipi wa kuvulia badala ya waya? Huo ninao tele, mzee ni mvuvi.

njeri_wa_shanga
Mshipi ni mzuri kwa bangili, wengi hapa Maasai Market, soko letu la sanaa Nairobi, wanautumia. Kwa nyota sioni shida, ni laini na hauchomi mtu.

MselaWaKepu
Dada njeri hapo sikubaliani na wewe. Mshipi unavutika, leo umekaza kesho umelegea, na fundo lake linateleza. Mimi niko Cape Town, hapa kwenye mataa vijana wa Zimbabwe wanauza vinyonga, twiga, mibuyu, mpaka redio za waya na shanga ambazo zinapiga kweli, nimekaa nao sana nikiwaangalia mikono. Fremu waya mnene, shanga kwenye waya mwembamba, basi. Siri yao ni kwamba kila wakifika kwenye fremu wanazungusha mara mbili na kuvuta kwa koleo, sio kwa vidole, ndipo wanarudi upande wa pili.

Kwa nyota yako mama fanya hivi. Ukishatoa fremu kwenye misumari panua kidogo ule mwanya wa kufungia upitishe shanga kubwa, kona ikizikatalia inyooshe kidogo kisha uikunje tena, kila upande 14 hivi (hizo mm 3 ni unene, kwenye waya kila moja inachukua kama mm 2 tu), zinaweza kuingia 17 lakini usizibane, hizo nafasi ndizo utakazopitishia waya mwembamba. Funga fremu. Kata waya wa 0.3 kama sm 40 kwa kila pembe, ukikata mrefu wa nyota nzima utajisokota uanze kutukana. Anzia chini ya pembe penye upana, zungusha mara tatu, tunga shanga ndogo 13, vuka ng'ambo, zungusha mara mbili kati ya shanga na shanga, kaza. Mstari unaofuata 12, halafu 11, unashuka hivyo hivyo mpaka juu kabisa inabaki moja. Kinachokufanyia kelele ni kwamba unatunga shanga pungufu ya nafasi au hukazi pale pembeni. Na ukizidisha hata moja mstari unabinuka.

Katikati acha wazi, au ning'iniza ushanga mmoja mkubwa mwekundu.

njeri_wa_shanga
Haya nimekubali kwa nyota, kwa bangili sibanduki 😂 Mama chambua hizo shanga kwanza, mwaga kwenye taulo, zilizopinda na zenye tundu limeziba toa. Na hizo nyekundu chovya kadhaa kwenye dawa ya kutoa rangi ya kucha usugue na kitambaa cheupe. Kama rangi inatoka usizitumie, zitachafua nyeupe. Zikinata jua ni plastiki.

FundiMota
La kuchoma halijajibiwa. Mwisho wa waya usiuache nje, ukate ubaki mm 3 au 4, uingize ndani ya tundu la ushanga wa jirani kisha ubane huo waya (sio ushanga) na koleo ya mdomo mwembamba. Wa fremu ni mnene haukubali hivyo, piga tupa mpaka ukipitisha kidole usisikie kitu. Kitanzi cha kuning'inizia kitoe kwenye zile sm 4 zilizobaki, usifunge kamba juu ya ncha, nyota itakaa upande.

MamaTanga
Misumari nimeshatoa kwenye kreti la soda. Fundi, hiyo kopa huwa wanapima kwa kilo au kwa mita?

FundiMota
Kwa kilo. Ila kwa nyota zako wala hufiki nusu kilo, mwambie akufungie kidogo, na mwambie hutaki iliyoungua. Ile nyeusi inakatika.