Mrejesho: kadi za silabi kwa watoto wanaoimba "ba be bi bo bu" bila kusoma

Swali lilikuwa: watoto wa darasa la kwanza wanaimba silabi bila kukosea, lakini neno "tabu" likiandikwa ubaoni, kimya. Mlishauri kadi za silabi. Zimesaidia, baada ya marekebisho.

Konsonanti b, k, m, t na irabu tano zinatoa kadi 20. Hazitoshi! "Mama", "baba", "kaka" na "kuku" zinahitaji silabi ileile mara mbili, kwa hiyo ongeza ma, ba, ka na ku: jumla 24 kwa kikundi cha watoto wanne, kila mmoja sita zake. Zikiachwa katikati ya meza, mtoto mmoja hodari hupanga peke yake na wengine wanatazama. Chora mstari chini ya kila kadi, maana "mu" ikigeuzwa juu chini inakuwa "nw".

Changanya kadi kabla ya kugawa, la sivyo wimbo unarudi. Mwalimu hutamka neno, watoto wanapiga kofi kwa kila silabi, mwenye kadi anaiweka, kikundi kinasoma kwa kidole.

Kisha funika kadi ndipo waandike daftarini. Hapa ndipo penye kazi yenyewe: kadi zikibaki wazi, wananakili maumbo tu. Wakishaandika, funua, kila mtoto ajisahihishe.

Dakika 15 zinatosha. "Mba" na "ng'o" zingoje kwanza.