Kaka kichwa hakiachi kuuma, madokta wanataka kumtoa maji mgongoni, tukubali?

mdogo_mtu: Habarini wakuu. Kaka angu anaishi na VVU, aliacha dawa kitambo akasema maombi yanatosha, sasa kichwa kinamuuma mno panadol haigusi, anatapika na mara aone vitu viwiliviwili. Tumemlaza, wamepima damu wanasema CD4, zile chembe za kinga, ziko chini sana na ana fangasi kwenye ubongo. Mi nilijua fangasi ni za miguuni na ukeni tu jamani, hizi zinatoka wapi? Alafu wanataka kumchoma sindano mgongoni watoe maji, mama kagoma kabisa, anasema jirani alitolewa hayo maji akafa. Naombeni msaada haraka.

nesi_wa_zamu: Pole sana mdogo wangu. Hiyo ni kriptokokasi, iko kwenye udongo na kinyesi cha njiwa, tunaivuta kwenye pumzi na mwenye kinga nzima mara nyingi haimfanyi kitu, CD4 zikishuka chini ya 100 ndo inapata nafasi ya kupanda kichwani. Mwambie mama hivi, huyo fangasi anaziba njia ambazo maji ya ubongo yanapita, presha inajaa mule ndani ndo maana kichwa kinataka kupasuka na macho yanaona mbili, akiachwa hivyo anaweza kupofuka au kufa. Kuyatoa ni kipimo na ni tiba hapohapo. Na inaweza kurudiwa hata kila siku mpaka presha ishuke, msishtuke. Wengi ndugu wanakubali mgonjwa ameshapoteza fahamu, akifa lawama inaenda kwa sindano.

mtoto_wa_mbagala: Nesi kasema kweli kabisa, dada angu alikua anapiga kelele za maumivu, walivyomtoa tu akalala usingizi. Kingine ulizia dawa, waambie unataka kujua kama wana dawa za fangasi zinazoitwa amfoterisini na flusaitosini, maana ile nyingine ya flukonazo peke yake ni dhaifu kwa ugonjwa huu. Tangu 2022 WHO wanashauri amfoterisini ile ya laiposomu (iliyofungwa kwenye vipovu vidogo vya mafuta) dozi moja kubwa siku ya kwanza, alafu flusaitosini na flukonazo wiki mbili, utafiti wenyewe ulifanyika hukuhuku Afrika, Uganda na Malawi zikiwemo. Kama hawana ombeni rufaa mapema.

mdogo_mtu: Asanteni sana, mama nimemsomea yote kakubali. Je anaambukiza, maana mama ndo anamlisha? Na ARV zake zilizobaki nyumbani nimpelekee leo?

nesi_wa_zamu: Haambukizi, mama amlishe tu. ARV USIMPE kimyakimya tafadhali, najua mnataka apone haraka ila kwa fangasi wa ubongo wanasubiri wiki 4 mpaka 6 tangu aanze dawa za fangasi, kinga ikirudi ghafla ubongo unavimba zaidi. Mwambieni dokta ukweli kwamba aliacha na aliacha lini, wajue wampe zipi. Akitoka ataendelea na flukonazo kila siku mwaka mzima au zaidi, hata akijisikia mzima asiache.