Viinitete vitatu vimebaki kwenye barafu. Nitie sahihi?

MamaPacha: Hamjambo wapendwa. Pacha wangu, waliotungwa maabara, wana miaka minne sasa. Vimebaki viinitete vitatu, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vimegandishwa kwenye naitrojeni, na kila Januari tunalipia. Fomu ina visanduku: kuhifadhi, kuharibu, au kutoa kwa utafiti wa seli shina (seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine). Baba yao anasema tutoe. Mimi nikiwaona hawa wawili wakigombania uji, mkono unakataa kalamu.

MtuWaMaabara: Pole dada. Kiinitete cha siku tano ni kama seli mia moja au mia mbili, hakina moyo wala neva. Lakini kuvuna seli hizo hukiharibu, nisikufiche. Mwanasayansi Yamanaka wa Japani alionyesha njia nyingine ya kupata seli shina: 2006 kutoka seli za panya, 2007 kutoka za ngozi ya binadamu, bila kiinitete.

Guka wa Kayole: Katiba yetu ya Kenya, kifungu cha 26, inasema uhai huanza mimba inapotungwa. Je, kwenye kisahani cha maabara ni mimba? Wakili atakula pesa yako hapo.

MamaPacha: Guka umenichekesha! Ila kisanduku cha kuharibu mbona hakiwaudhi watu? Nimelipia mwaka mwingine. Mzee amenuna.